Kijana anayetaka urubani aanzie karibu na nyumbani

Kila Januari matokeo ya KCSE yanapotangazwa, simu huanza kulia katika ofisi za shule za urubani. Mzazi ana binti au mvulana aliyefanya vizuri, na kijana ameshikilia neno moja tu: anataka kuendesha ndege. Wiki haiishi kabla matangazo hayajawafuata kwenye simu zao. Vijana wamevaa mashati meupe yenye milia mabegani, ndege zimepangwa mstari mmoja, anga ni safi, na ahadi ni kwamba atakayejiandikisha leo atarudi nyumbani rubani kamili. Shule iko Afrika Kusini, au Florida, au kwingineko mbali. Karo ni mamilioni ya shilingi, lakini atakayelipa yote kwa mkupuo atapunguziwa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sidai kwamba shule zote za ng'ambo ni mbaya. Zipo zilizotoa marubani hodari. Ninachosema ni kwamba kijana wa miaka 16 au 17 hana sababu ya kuanzia huko. Aanze karibu na nyumbani, kwenye shule ambayo mzazi anaweza kuifikia kwa matatu na kurudi siku hiyohiyo. Alipe kwa saa anazoruka. Asivuke mpaka kwa ajili ya masomo haya hadi awe ameruka peke yake na kupata leseni ya urubani wa binafsi. Mahali pa kumalizia ni swali jingine, na jibu lake laweza kuwa popote duniani. Maswali haya mawili yakichanganywa, mzazi hulipia safari ndefu kabla hajajua kama msafiri anaipenda njia.

Sheria yenyewe haina haraka. Hapa Kenya, kama ilivyo katika nchi nyingi zinazofuata viwango vya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, kijana hupewa leseni ya mwanafunzi akitimiza miaka 16, leseni ya urubani wa binafsi akitimiza 17, na ile ya biashara akitimiza 18. Kipimo cha ICAO kwa leseni ya binafsi ni saa 40 angani, ambazo hupungua hadi 35 katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Ndani ya saa hizo, 10 lazima awe peke yake, na lazima afunge safari moja ya kilomita zisizopungua 270 akitua katika viwanja viwili tofauti. Leseni ya biashara hudai saa 200, au 150 kwa mafunzo yaliyoidhinishwa. Hesabu mwenyewe. Kijana wa miaka 16 ana miaka miwili kamili kabla hajaruhusiwa kulipwa kwa kurusha ndege. Anayemwambia mzazi wake kwamba nafasi itapotea asipolipa kabla ya mwisho wa mwezi anauza kitu kingine, hauzi elimu.

Hata hivyo, liko jambo moja la kufanywa mapema kabisa, nalo halihusu ndege. Mpeleke kijana kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na uombe uchunguzi wa daraja la kwanza, ule unaotakiwa kwa marubani wa biashara, ingawa kwa kuanzia daraja la pili lingetosha. Macho yake yatapimwa, pamoja na uwezo wa kutofautisha rangi. Masikio yatapimwa, na moyo pia. Ataulizwa kuhusu kifafa, pumu na kisukari. Wapo wavulana waliofika kidato cha nne bila kujua kwamba rangi nyekundu na kijani huwachanganya, kwa sababu darasani hakuna aliyewahi kuwauliza. Ni afadhali habari hiyo ipatikane kwa ada ya daktari mmoja kuliko ipatikane baada ya karo ya mwaka.

Sasa tuje mahali penyewe. Kwa Mkenya wa bara, kuanza karibu na nyumbani mara nyingi maana yake ni Wilson, jijini Nairobi. Uwanja huo ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920, na ndipo Florence Kerr Wilson alipoendeshea kampuni yake ya ndege aliyoianzisha mwaka 1929. Beryl Markham, aliyevuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada mwaka 1936, alijifunzia urubani jijini Nairobi. Irene Koki Mutungi, mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787, alipata leseni yake ya binafsi papo hapo Wilson, kisha akaenda Oklahoma City, Marekani, kutafuta ile ya biashara. Mtindo wake ndio ninaoutetea: hatua ya kwanza nyumbani, hatua ya pili mahali penye manufaa zaidi.

Wilson una tabia zake, na mzazi anapaswa kuzijua. Uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini ya kawaida ya ndege ya mafunzo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000 inazopanda. Cessna 152, ndege ya viti viwili yenye nguvu za farasi 110, inakuwa imepoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu hizo kabla haijaanza kukimbia kwenye lami. Mchana ukiwa na joto la nyuzi 27, ndege hupanda kana kwamba uwanja uko zaidi ya futi 8,000. Mwalimu akiwa mtu mzito na matangi yamejaa, hesabu huweza kukataa, na mafuta yakalazimika kupunguzwa. Mwanafunzi wa Nairobi hujifunza mapema kwamba uzito na joto si mambo ya kubahatisha. Wa Diani au Malindi, karibu kabisa na usawa wa bahari, hupata injini yenye nguvu zake zote, lakini hufundishwa na pepo za kusi kutua huku upepo ukimsukuma kutoka ubavuni. Kila mahali pana somo lake. La muhimu ni mwalimu ajue kwamba hilo ni somo, asilichukulie kama kero ya hali ya hewa.

Kalenda ya shule nayo ina neno. Kijana aliye kidato cha tatu ataruka wakati wa likizo: Aprili, Agosti, na Novemba hadi Desemba. Aprili ni masika. Mawingu na mvua hukata wiki nzima. Agosti jijini Nairobi mawingu hulala chini asubuhi, na ndege ndogo hukaa zikiyasubiri hadi saa nne au saa tano. Yanapofunguka, jua hupasha ardhi ya Athi na Kitengela, hewa ikaanza kurukaruka, na mwanafunzi mgeni akaanza kutafuta mfuko wa kutapikia. Ikiwa shule ina kituo pwani, Agosti inafaa zaidi huko. Aliyemaliza kidato cha nne ana bahati ya Januari na Februari, miezi mikavu ya anga safi, na kama familia ina uwezo wa kungoja, hiyo ndiyo miezi ya kuanza.

Kwa nini niseme kungoja? Kwa sababu adui mkubwa wa mwanafunzi wa urubani ni pengo kati ya somo na somo. Anayeruka mara tatu kwa wiki hukumbuka mikono yake ilifanya nini juzi. Anayeruka mara moja kwa mwezi hutumia nusu ya kila somo kurudia lililopita, na nusu hiyo hulipiwa kwa bei ileile. Saa moja ya Cessna hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi. Mafuta yake si yale ya kituo cha barabarani. Ni petroli maalumu ya ndege inayoagizwa kutoka nje. Basi ni heri fedha zikusanywe miezi sita kijana akisoma nadharia nyumbani, yaani sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa safari na mawasiliano ya redio, kisha aruke mfululizo kwa wiki kadhaa. Hili pia linaamua mahali. Shule iliyo mbali na nyumbani, hata ikiwa nzuri namna gani, haimfai kijana atakayeweza kuifikia mara mbili kwa mwezi tu.

Liko pia suala la foleni. Wilson ni uwanja wenye shughuli nyingi mno. Asubuhi ndege za abiria zinaondoka kwenda Maasai Mara, Amboseli na pwani, na Cessna ya mwanafunzi husubiri nyuma yake injini ikiunguruma. Hapo swali la mzazi ni moja: mita ya kulipia inaanza kuhesabu lini? Zipo shule zinazotoza tangu injini iwashwe hadi izimwe, na zipo zinazotoza tangu magurudumu yaache lami. Bei ya saa inayoonekana nafuu kwenye karatasi huweza kuwa ghali kwenye foleni. Upande wa pili, mwanafunzi wa Wilson hujifunza kusema na mnara wa kuongozea ndege bila kubabaika, jambo ambalo aliyeanzia kwenye kiwanja kitulivu atalazimika kulijifunza baadaye. Kiwanja kidogo kama Orly, kule Kajiado, humpa nafasi ya kutua mara nyingi ndani ya saa moja. Kama ningechagua, ningemtafutia kijana shule inayotumia vyote viwili: mazoezi ya kutua mahali patulivu, na redio mahali penye msongamano.

Msongamano huo hauishii kwenye gharama. Tarehe 5 Machi 2024, Cessna 172 ya mafunzo na ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa ikielekea Diani ziligongana juu ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Dash 8 ilirudi na kutua salama ikiwa na watu 44. Mwanafunzi na mwalimu waliokuwa ndani ya Cessna walikufa. Wazazi wengi walioisikia habari hiyo waliamua kwamba urubani wasahauliwe, au usomewe nchi nyingine. Nawaelewa, lakini ajali hiyo haithibitishi kwamba ng'ambo ni salama. Inatupa maswali ya kuuliza. Ndege zenu hutokaje uwanjani kwenda eneo la mazoezi, na hurudi vipi? Hamruki saa ngapi kwa sababu ya msongamano? Mwanafunzi hufundishwa lini kutazama nje ya dirisha badala ya kukodolea vipimo vilivyo mbele yake? Shule yenye majibu yatakayotoka papo hapo imelifikiria jambo hilo. Shule itakayokuambia usiwe na wasiwasi haijalifikiria.

Mimi sipimi shule kwa idadi ya ndege wala kwa rangi ya sare. Nitakuambia pa kutazama. Nenda Jumamosi, fika saa moja na nusu asubuhi, usitoe taarifa mapema zaidi ya ile inayotakiwa kukuingiza getini. Simama kando ya ndege inayoandaliwa. Utamwona mwanafunzi akizunguka na karatasi ya ukaguzi. Atachukua kikombe chembamba cha plastiki, akisukume chini ya bawa, na mafuta yatachuruzika ndani yake. Atakiinua dhidi ya mwanga. Petroli ya ndege ina rangi ya samawati hafifu. Maji, yakiwemo, hukaa chini kabisa kama tone la kioo. Maji hayo yakifika kwenye injini angani, injini huzima. Atachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, atapitisha kiganja kwenye ukingo wa propela kutafuta mikwaruzo, atachezesha vipande vya nyuma ya mabawa, atavua kifuniko cha bomba dogo linalopima kasi.

Usimtazame mwanafunzi peke yake. Mtazame mwalimu. Je, yuko hapo akiuliza, “Ukikuta maji utafanya nini?” Au yuko mbali anachezea simu? Kisha subiri mwanafunzi aone kasoro, kwa maana ndege za mafunzo hazikosi kasoro: taa isiyowaka, tairi lililoisha, mkanda wa kiti usiofunga vizuri. Hapo ndipo shule inapojianika. Fundi akiitwa, ndege ikarudishwa kwenye hanga bila mtu kununa, na kijana akaambiwa “umefanya vizuri”, umepata shule. Mwanafunzi akiambiwa kwamba hilo si kitu na waliotangulia wameruka hivyohivyo, mshike mtoto wako mkono mwondoke. Kijana wa miaka 16 anayefundishwa kunyamaza mbele ya kasoro atanyamaza hivyohivyo akiwa na abiria mia nyuma yake.

Mwalimu ndiye shule. Walimu wengi wa urubani ni vijana wanaokusanya saa wakisubiri kuitwa na mashirika ya ndege, na si aibu; wengine ni wafundishaji wazuri mno. Lakini anayeitwa Jumanne, Jumatano hayupo. Kijana akibadilishiwa walimu watatu kabla hajaruka peke yake, kila mmoja ataanza kwa kumjaribu upya, na jaribio hilo utalilipia wewe. Uliza waziwazi: mwalimu huyu ana mpango wa kukaa hadi lini, na akiondoka nani atamrithi? Omba pia kijana aruke naye saa moja tu kabla ya kujiandikisha. Saa hiyo itaonyesha mambo ambayo ofisi haiwezi kuyaonyesha: kama kijana anapenda kazi yenyewe au anapenda picha yake, na kama mwalimu anafundisha au anafoka.

Kuhusu fedha, nina sheria isiyopinda: usilipe kozi nzima mapema. Nchini Uingereza mwaka 2023, Tayside Aviation ya Dundee ilifunga milango mwezi Aprili, na FTA Global ya uwanja wa Shoreham ikafuata kabla ya mwaka kwisha. Wanafunzi waliokuwa wamelipa mapema walijikuta nje bila mafunzo. Hayo yalitokea katika nchi yenye sheria kali na mahakama zinazofanya kazi, kwa familia zilizokuwa jirani. Mzazi wa Kisumu atadai vipi fedha zake kwenye shule iliyofilisika nchi nyingine, kwa sarafu nyingine, mtoto akiwa na viza inayohesabu siku? Lipa kwa saa, au kwa kifungu kidogo cha saa ambacho kikipotea hakitauza shamba. Punguzo la kulipa yote kwa mkupuo ni mkopo unaoipa shule bila dhamana.

Wanaotetea ng'ambo wana hoja, nami siwezi kuzipuuza. Florida na Arizona zina viwanja vingi, ndege nyingi, na saa moja mara nyingi huwa nafuu kuliko ya Nairobi. Anayekwenda kukamilisha saa 200 kule anaweza kuokoa fedha na miezi. Hoja hizo zina nguvu kwa leseni ya biashara, kwa kijana mwenye miaka 18 au zaidi ambaye tayari anajua kutua ndege na anajua kwamba hatabadili mawazo. Kwa anayeanza, zinapungua uzito. Leseni ya nje ikirudi nyumbani huhitaji kugeuzwa kuwa ya Kenya, na hilo lina mitihani na ada zake. Na kijana akigundua katika saa ya tano kwamba hapendi, aliye Nairobi atarudi nyumbani jioni hiyohiyo akamweleze mama yake. Aliye Florida ataogopa kusema, kwa kuwa anajua shamba liliuzwa.

Kuna wakati eneo letu lilikuwa na jibu la pamoja. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani Soroti, Uganda, ili Mkenya, Mtanzania na Mganda wasome pamoja. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977 na ndoto hiyo ikabaki mikononi mwa Uganda. Tangu hapo mzigo umekuwa wa familia, na ndiyo maana rubani mtarajiwa mara nyingi ni mtoto wa mwenye nacho. Jumuiya iliyofufuliwa ina wanachama wengi kuliko ile ya kwanza, na ingefaa ilirudie wazo la chuo cha pamoja chenye ufadhili kwa watoto wa watu wa kawaida. KCAA nayo ingewafaa wazazi sana kwa kuweka sharti kwamba karo inayolipwa mapema ihifadhiwe kwenye akaunti maalumu, na itolewe kulingana na saa ambazo mwanafunzi ameruka.

Hadi hayo yatimie, mzazi ndiye mkaguzi. Nenda na kijana wako, usimtume peke yake. Omba kuona cheti cha KCAA cha kuidhinisha shule, na usome tarehe yake ya mwisho. Omba kuona bima inayomhusu mwanafunzi anaporuka peke yake. Omba kuona kumbukumbu za matengenezo ya ndege ileile atakayopanda. Shule nzuri itakufungulia makabrasha hayo na kukupa kiti. Inayokasirika ukiuliza haifai kupewa mtoto, hata kama inafundisha kwa nusu bei.